NYUMBANI NA UGENINI

*Hotuba ya wanaparokia walioishi Ubelgiji, iliyosomwa mbele ya waamini na wageni kwa sikukuu ya Yubile*



Baraza la parokia limetuomba sisi, wana wa parokia hii tulioishi miaka mingi Ubelgiji, tuseme maneno machache juu ya maisha ya kule na maisha ya hapa. Tumekubali kwa moyo mweupe, maana jamaa nyingi zilizoketi hapa leo zina mtoto, ndugu au mkwe aliye ugenini. Hatukuja kuisifu Ulaya, wala hatukuja kuisema vibaya. Tumekuja kueleza. Tumeona kwamba magomvi mengi kati ya walioondoka na waliobaki hayatoki katika roho mbaya. Yanatoka katika kutofahamiana juu ya mambo madogo ya kila siku: saa, mlango, sahani, salamu, feza na kilio. Basi tutayapitia moja moja, kwa kifupi.

1. Juu ya saa na jua

Hapa kwetu, kando ya ziwa Tanganyika, jua ndilo saa yetu. Mwaka mzima linatoka karibu na saa kumi na mbili ya asubuhi, na linatua karibu na saa kumi na mbili ya jioni. Ndiyo maana Kiswahili kinahesabu saa toka mapambazuko: jua likiisha kutoka kwa muda wa saa moja, tunasema ni saa moja. Hesabu hii ni ya haki, kwa sababu jua letu halidanganyi.

Katika Ubelgiji jua halishiki ahadi. Mwezi wa Desemba linachelewa kutoka mpaka karibu na saa tatu kasoro robo ya asubuhi, na kabla ya saa kumi na moja ya jioni limekwisha kutua. Mtu anakwenda kazini gizani na kurudi gizani. Mwezi wa Juni mambo yanageuka: saa nne ya usiku mwanga ungaliko, na mama anafunga mapazia ili watoto wapate kusinzia. Watu wasioweza kulitumaini jua wamejifunza kuitumaini saa ya ukutani. Treni inaondoka kwa dakika iliyoandikwa, na anayefika dakika moja nyuma anabaki akiitazama mgongo.

Ndiyo sababu mtu wa kule akisema saa tatu, anataka saa tatu kamili. Hapa sikukuu inaanza watu wakiisha kufika. Kule sikukuu inaanza saa ikiisha kufika, hata kama viti vingi bado vitupu. Hatusemi kwamba desturi moja ina akili na nyingine haina. Kila moja imezaliwa chini ya jua lake. Lakini kijana anayekwenda kule na kuishika saa ya hapa, atapoteza kazi yake kabla ya mwezi kwisha.

2. Juu ya mlango

Kwetu mlango wa nyumba unafunguliwa asubuhi na kufungwa usiku. Mgeni anapiga hodi akiwa amekwisha kuingia katika lupango. Anapewa kiti kwenye baraza, anapewa maji, anaulizwa habari za jamaa, na hakuna anayethubutu kumwuliza amekuja kufanya nini. Neno lililomleta atalisema mwenyewe, wakati wake ukifika.

Kule mlango unafungwa mchana na usiku. Karibu na mlango kuna kengele, na juu ya kengele kuna jina. Hata ndugu wa tumbo moja hampitii nduguye pasipo kupiga simu kwanza, na mara nyingi wanapatana siku na saa. Unaweza kukaa mwaka mzima katika nyumba yenye ngazi tano, na jirani akakwambia neno moja tu kila asubuhi, nalo ni salamu.

Mgeni anayefika anaumia sana kwa jambo hili. Anadhani anachukiwa. Lakini tufahamu sababu zake. Ya kwanza ni baridi: nyumba inayopashwa joto kwa feza nyingi haiwezi kuachwa wazi. Ya pili ni desturi ya heshima. Kwetu, kumheshimu mtu ni kumwendea. Kwao, kumheshimu mtu ni kumwacha katika utulivu wake. Jirani asiyekuuliza neno anadhani anakutendea mema.

Tena kuna Leta. Anayehamia mahali pa kukaa anapaswa kujiandikisha katika komine yake ndani ya siku 8 za kazi. Kiisha polisi wa kartie anakuja kuhakikisha kama kweli anakaa pale. Hivi mara nyingi mtu wa kwanza kukupigia kengele si jirani aliyekuja kukukaribisha, ni polisi aliyekuja kukuhesabu! Tunacheka leo, lakini siku ile mtu hacheki.

Hata hivi, milango ile inafunguka. Mama mmoja wa kwetu alipika ndizi za kukaanga akampelekea jirani yake, mama mzee aliyekaa peke yake. Mzee alisita kidogo mlangoni, kisha akaipokea sahani. Siku ya pili aliirudisha ikiwa imeoshwa, na ndani yake ameweka biskuti. Tangu hapo ndiye aliyemfundisha mwenzetu namna ya kutenga takataka, maana katika Bruseli kila takataka ina mfuko wake: mweupe, wa buluu, wa manjano, na kila mfuko una siku yake. Mwenzetu naye ndiye aliyemnunulia mzee mkate wakati barabara zilipojaa barafu. Hakuna aliyeacha desturi zake. Kila mmoja alikwenda nusu ya njia.

3. Juu ya sahani

Mama wa kwetu anapika pasipo kuhesabu watu. Anajua tu kwamba bukari unatosha wanaoonekana na wasioonekana bado. Tunanawa mikono, tunazunguka sahani moja, na anayepita wakati wa chakula anaitwa. Kukataa ni kuvunja urafiki.

Mama wa kule anahesabu viazi kwa vichwa. Kila mtu ana sahani yake, kisu chake, kikombe chake. Mchana watu wengi wanakula vipande vya mkate vyenye jibini, walivyofunga nyumbani asubuhi, na chakula cha moto ni mara moja kwa siku. Ukimkuta anakula, atakuambia ungoje kidogo. Si uchoyo. Kwake kumwalika mtu ni kazi kubwa: ataandaa siku mbili, ataweka maua mezani, na atasikitika kama usipokuja.

Chakula cha kwetu hakikosekani. Katika komine ya Ixelles, mjini Bruseli, kuna kartie inayoitwa Matonge, jina lililotoka kwa Matonge ya Kinshasa. Pale tunapata unga wa mihogo, sombe, makayabu na pilipili, kwa bei yake. Mtu anayekuja pale siku ya posho hakuja kwa chakula peke yake. Amekuja kusikia akiitwa kwa jina lake sawasawa.

4. Juu ya salamu, macho na watoto

Hapa mtoto anamsalimu mkubwa kwa kuinama, anapokea kitu kwa mikono miwili, na mkubwa akimkemea anatazama chini. Macho yaliyoshuka ni alama ya adabu. Kule, mwalimu akisema na mtoto naye akatazama chini, mwalimu anafikiri mtoto anaficha jambo. Anamwambia: Nitazame ninaposema nawe. Mtoto akirudi nyumbani na kumtazama baba yake vile vile, baba anaona kiburi.

Wakubwa wetu, hapa pana taabu kubwa. Masomo kule ni ya lazima toka miaka 5 mpaka miaka 18, na siku nyingi mtoto anakaa na mwalimu saa nyingi kuliko anazokaa macho na wazazi. Anafundishwa kuuliza "kwa nini?" na anasifiwa kwa kuuliza. Hapa mtu mzima ye yote wa kartie anaweza kumrudisha mtoto anayepotea njia. Kule jirani hathubutu, na mzazi anabaki peke yake na mzigo uliochukuliwa na watu ishirini. Kisha mtoto huyo analetwa hapa kwa likizo, anamtazama babu yake usoni, anamwuliza maswali, na watu wanasema: huyu hana adabu. Hapana. Ana adabu ya mahali pamoja, na ya pili hajafundishwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tunawasihi babu na nyanya wasimkemee mbele ya watu. Wamketishe karibu, wamwonyeshe mikono miwili, wamfundishe salamu. Mtoto mwenye lugha mbili anaweza pia kuwa na adabu mbili.

Tukitaja lugha, tuseme neno la kufurahisha. Ubelgiji una lugha tatu za Leta: Kiflama, Kifaransa na Kijeremani. Kijana wetu anafika na Kifaransa chake, na akipelekwa upande wa Waflama anakuwa bubu tena kama mtoto mchanga. Lakini kati ya wasemao Kifaransa anashangaa kusikia wanahesabu kama sisi: wanasema septante na nonante, tofauti na Wafaransa. Hesabu hiyo walituletea wao wenyewe zamani za ukoloni. Ndugu waliogombana bado wanahesabu kwa namna moja.

5. Juu ya feza na msaada

Sasa tumefika penye kidonda. Jamaa nyingi zimevunjika hapa.

Kwetu msaada unapita katika mikono ya watu. Mtu akiugua, ukoo unachanga. Mtoto akifaulu, mjomba analipa masomo. Mzee akikosa nguvu, wanawe ndio fimbo yake. Mtu ni watu. Tukiona kule mzee anakaa katika nyumba ya wazee, na mgonjwa analazwa pasipo ndugu kumpikia, tunasema: Wazungu hawana huruma.

Ndugu, huruma yao inapita njia nyingine. Tangu sheria ya tarehe 28 Desemba 1944 kila mfanyakazi wa Ubelgiji anachangia mfuko wa wote kwa lazima. Leo mfanyakazi wa mshahara anakatwa 13,07 kwa mia ya mshahara wake kwa ajili ya mfuko huo, kabla hajaushika mkononi, na juu yake anakatwa kodi ya Leta. Kwa mfuko huo mgonjwa anarudishiwa sehemu kubwa ya feza za daktari, asiye na kazi anapata cha kula, mzee anapata pensheni. Mtu wa kule hachangi kwa jirani aliye hospitali kwa sababu amekwisha kuchanga kwa watu asiowajua. Mchango wao hauna uso, lakini ni mchango.

Sasa mfikirieni mtoto wenu. Yeye anachanga mara mbili. Anakatwa kule kama Mbelgiji, kiisha anatafutwa hapa kama Mkongo. Ninyi mnasikia mshahara ulioandikwa juu ya karatasi. Yeye anapokea unaobaki. Hapo bado hajalipa nyumba, moto wa kupasha nyumba, na njia ya kwenda kazini. Akituma feza kidogo, mnasema amesahau alikotoka. Akituma nyingi, analala na njaa, wala hasemi.

Lakini si haki kuwatupia makosa waliobaki peke yao. Wako walioko kule wanaotuma picha wakisimama mbele ya motokari isiyo yao. Wako wanaosafisha maofisi usiku, kazi ya heshima kabisa, na wanaandika nyumbani kwamba wao ni wakubwa wa biro. Wako wasio na karatasi za kukaa, wanaojificha kwa miaka, na mama zao wanadhani wamekuwa na kiburi. Uwongo wa mmoja unawatia wote deni. Baba anayeamini picha ile anauza shamba ili mtoto wa pili naye aondoke.

6. Juu ya kilio

Hapa mtu akifa, mambo yote yanasimama. Watu wanalala matanga, wanawake wanapika, wanaume wanawasha moto, na hakuna anayeuliza itakwisha siku gani. Kule jamaa inatuma barua ya kutangaza kifo. Watu wanafika kwa saa iliyoandikwa. Baada ya maziko wanakunywa kahawa pamoja, na jioni kila mtu yuko kwake. Siku hizi maiti nyingi za kule zinachomwa, na kwa wengine kaburi lenyewe ni la kukodi kwa miaka. Wanalia, lakini wanalia ndani.

Mfanyakazi aliyefiwa na baba au mama yake anapewa kwa sheria siku 3 za ruhusa. Siku 3! Kutoka Ubelgiji mpaka Kinshasa au Lubumbashi, na toka pale mpaka ziwani kwetu, siku hizo zinaweza kwisha njiani kabla hajaiona nyumba ya kilio. Na yule asiye na karatasi akitoka hataweza kurudi, na kwa kurudi kwake kuna watoto wanaokula. Basi anaketi katika chumba kidogo, telefone mkononi, anasikiliza nyimbo za matanga ya baba yake kutoka mbali, na kesho yake saa kumi na moja ya alfajiri anakwenda kazini. Ninyi mnasema: hakuja kumzika baba. Tunawashuhudia mbele ya altare hii kwamba asiyekuja kulia hapa amelia kule, pasipo mkono begani.

Kuna pia wanaokufa ugenini. Mwaka 1897, kwa maonyesho ya Tervuren karibu na Bruseli, Wakongo 267 walipelekwa kule ili watu wawatazame. Wakongo 7 kati yao walikufa. Makaburi yao yako mpaka leo kando ya kanisa la Tervuren. Majina yao ni Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Hakuna aliyewalalia matanga kwa desturi yetu. Tunaomba leo, katika Misa hii ya Yubile, wawekwe pamoja na marehemu wa parokia yetu, wao na wote waliolala mbali na udongo wa mama zao.

7. Juu ya Kanisa

Misa ni moja, lakini inavaa nguo za mahali. Huko Misa ya Posho au ya Dominika mara nyingi haifiki saa moja. Watu wanaimba kwa sauti ndogo, wengi ni wazee, na baada ya baraka kila mtu anashika njia yake. Aliyezoea kucheza mbele za Mungu anahisi kama ameketi katika nyumba ya mgonjwa. Lakini tumewaona wazee wale wakipiga magoti kimya kwa muda mrefu, na kimya chao kimetufundisha kusali.

Nasi tuna kitu cha kuwapa. Misale ya majimbo ya nchi yetu, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, inawaita watakatifu na wakubwa wetu wenye moyo mnyofu kusimama pamoja nasi, na inaweka maombi ya toba na amani baada ya kusikiliza Neno la Mungu. Tarehe 1 Desemba 2019 Baba Mtakatifu Fransisko, aliyeaga dunia mwaka 2025, aliisoma Misa ya namna hiyo ndani ya Basilika ya Mtakatifu Petro pamoja na Wakongo wa Roma. Wenzetu wengi walilia machozi siku ile. Tuliona kwamba nyumba ya Baba ina nafasi ya ngoma yetu.

Tusisahau kwamba kabla yetu kuna wageni waliopita njia hii kwa upande mwingine. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliwataka wamisionari wake waseme lugha ya watu, wale chakula chao, wavae kama wao. Walipofika Mpala mwaka 1885 wao ndio walikuwa wageni wasiojua kusalimu. Wazee wetu waliwafundisha. Katika kazi hiyo alitoka Padri Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka 1917 huku Baudouinville, inayoitwa leo Kirungu, wa kwanza kati ya wenyeji katika Kongo ya Wabelgiji. Leo mapadri wa Kongo wanaongoza parokia za Ubelgiji, na wazee wa kule wanawafundisha wao namna ya kuvaa kwa baridi. Deni la ukarimu linalipwa hivyo, kizazi kwa kizazi.

8. Maombi yetu

Kwa kumaliza, tuna maombi manne.

Kwa wazazi: mtoto akiondoka, msimwulize kwanza ametuma nini. Mwulizeni amekula nini, analala wapi, na nani anamtembelea. Akijua kwamba anaweza kusema ukweli, ataacha kutuma picha za uwongo.

Kwa walioko ugenini: semeni kazi yenu kwa jina lake. Hakuna aibu kwa mikono inayofanya kazi. Fundisheni watoto Kiswahili, na wafahamishe majina ya babu zao.

Kwa vijana wanaotamani kuondoka: jifunzeni ufundi kabla ya safari, na sikilizeni waliorudi kuliko picha. Ukienda, chukua desturi ya mahali kama koti la baridi: unalivaa nje, lakini mwili wa ndani ni wako.

Kwa Mapadri wetu: tunaomba kiandikwe katika parokia kitabu cha wana walio mbali, ili majina yao yatajwe katika sala ya waamini, na kifo chao kitangazwe hapa kama kifo cha mtu aliyekaa kando ya kanisa. Na mtu akifiwa na mzazi naye hakuweza kuja, shirika la kartie yake limpigie simu, wasali naye rozari mpaka mwisho. Mkono hauwezi kufika begani kwa simu, lakini sauti inafika.

Wapendwa, Bwana wetu mwenyewe alikuwa mgeni Misri akiwa mtoto, na wazazi wake walilazimika kujifunza njia za soko lisilo lao. Hatujui ni nani aliyewafungulia mlango kule. Tunajua tu kwamba alikuwako mtu wa kuwafungulia, kwa sababu Mtoto alirudi Nazareti akiwa mzima. Parokia yetu katika miaka yake ijayo iwe na mlango wa namna hiyo, kwa wanaofika na kwa wanaorudi.

Mungu aibariki Yubile yetu.